Gehazi Ndani ya Simu

SOMO LA USHIRIKA WA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma pamoja: 2 Wafalme 5:15-27, Yoshua 9:3-16, Matendo 17:10-12

Lengo la somo: Kila mshirika aweze kumtambua mwizi wa mtandao, ajue kuuliza bila kuona aibu, na ajue la kufanya akishaibiwa.

Somo la wiki hii nimeliandika mimi mwenyewe, na mtaona kwa nini. Kabla sijafungua Biblia, nina jambo la kukiri.

Ilikuwa Jumamosi jioni, nimekaa mezani naandaa mahubiri ya kesho yake. Meseji ikaingia kwa WhatsApp kutoka kwa dada mmoja wa kwaya. Ameandika, "Pastor samahani, kuna namba sita nimekutumia kwa makosa, nirushie haraka." Kweli, nikaangalia simu nikaona ujumbe wenye namba sita. Sikufikiria mara mbili. Dada ni wetu, picha ni yake, na hata ile "samahani" ni vile yeye huongea. Nikamtumia.

Dakika chache baadaye WhatsApp yangu ikajifunga. Zile namba sita zilikuwa ufunguo wa akaunti yangu mimi. Dada wa kwaya hakuwa ameandika chochote. Yeye mwenyewe alikuwa ameibiwa akaunti asubuhi hiyo kwa njia hiyo hiyo. Nilipojaribu kurudi ndani niliambiwa nisubiri saa kadhaa, kwa sababu mwizi alikuwa ameomba namba mara nyingi sana.

Sasa sikilizeni sehemu inayonihukumu. Saa mbili usiku nilikuwa najua kuna mtu anaongea na kondoo wa Mungu kwa jina langu. Nilikuwa na simu ya mke wangu pale, ningepigia mchungaji mkuu. Sikupiga. Mimi nina digrii ya biashara. Mimi ndiye hufundisha vijana wa kanisa kuhusu pesa. Nikajiambia, nikianza kutangaza kwamba nimelaghaiwa kama mtoto, watu watasema nini? Nikaomba, nikalala. Asubuhi nikapanda madhabahuni nikahubiri, sikusema neno.

Baada ya ibada, mama mmoja wetu anayeuza mboga sokoni (amenipa ruhusa nisimulie, jina lake tuliweke) alinishika mkono mlangoni akanong'ona, "Pastor, ile kitu ilifika? Mgonjwa anaendeleaje?" Nilihisi magoti yamelegea. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, "mimi" nilikuwa nimemwandikia kwamba niko hospitali na mgonjwa, M-Pesa yangu ina shida, anisaidie na shilingi 6,000, na asiwaambie watu kwanza. Alituma. Ilikuwa pesa ya shule ya binti yake.

Hesabu yote ilikuwa hivi: kijana mmoja wa ashia alituma 3,500 Jumamosi kabla sijajua lolote. Mama alituma 6,000, na mzee mmoja 5,000, wote wawili baada ya mimi kujua na kunyamaza. Jumla 14,500. Katika hizo, 11,000 ni bei ya aibu yangu.

1. GEHAZI ALITUMIA JINA LA BWANA WAKE

Tusome 2 Wafalme 5 kuanzia mstari wa 15. Naamani, jemadari wa Shamu, ameponywa ukoma. Anataka kumpa Elisha zawadi, Elisha anakataa kabisa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anaona mali inaondoka hivi hivi. Anamkimbilia Naamani njiani na kumwambia kwamba bwana wake amemtuma: wamefika vijana wawili kutoka Efraimu, wa wana wa manabii, wanahitaji talanta ya fedha na mavazi mawili.

Angalieni vile Gehazi alipanga kazi yake.

Kwanza, alitumia jina ambalo Naamani hawezi kulikatalia. Naamani hangempa Gehazi talanta. Alimpa Elisha. Darasani tulifundishwa kwamba jina la kampuni ni mali, hata kama huwezi kulishika kwa mkono; watu hulinunua kwa sababu wanaliamini. Jina la mtumishi wa Mungu ni hivyo hivyo. Mwizi anayekuja na jina la mchungaji anaiba kwanza imani iliyojengwa kwa miaka, ndipo anaiba pesa.

Pili, alitoa habari ndogo zinazofanana na ukweli. Vijana wawili, mahali walikotoka, mahitaji yao. Mwizi wa leo naye anajua jina la mtoto wako, kanisa lako na chama chako, kwa sababu sisi wenyewe tumeandika yote Facebook.

Tatu, alileta haraka. Wageni wameshafika. Naamani ashuke kwenye gari, aamue papo hapo.

Nne, aliomba kiasi ambacho Naamani angeweza. Naamani akaongeza akampa talanta mbili! Mwizi aliyemwandikia mama hakuomba 60,000. Aliomba 6,000, kitu mama wa soko anaweza kukusanya.

Jina linaloheshimiwa, habari zinazofanana na ukweli, haraka, na kiasi kinachowezekana. Ongeza na la tano la siku hizi: usimwambie mtu. Ukiona haya yamekutana kwa meseji moja, simama.

2. MWIZI HAJI KAMA MGENI

Katika Yoshua 9, Wagibeoni walikuwa majirani wa karibu, lakini walikuja na nguo kuukuu, viriba vilivyopasuka na mkate mkavu wenye ukungu, ili waonekane wametoka mbali. Wazee wa Israeli waliangalia ule mkate, wakaridhika. Biblia inasema wazi kwamba hawakutafuta shauri la Bwana. Siku tatu baadaye ukweli ukatoka, na agano lilikuwa limeshafungwa.

Ona kwamba Israeli hawakukosa ushahidi. Walikuwa nao mkononi, wakaugusa. Shida ni kwamba ushahidi ulikuwa umeletwa na yule yule anayewadanganya. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka. Hii hapa mikate yenye ukungu ya Kenya yetu:

Pesa iliyotumwa "kwa makosa". Unapata meseji inayofanana kabisa na ya M-Pesa kwamba umepokea 4,000. Kisha mtu anapiga akilia, amekosea namba, ilikuwa ya dawa, tafadhali rudisha. Ukweli ni kwamba hakuna pesa iliyoingia. Meseji ya kweli ya M-Pesa hutoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya kawaida ya mtu. Usiangalie meseji, angalia salio lako mwenyewe. Na hata kama pesa imeingia kweli, usirudishe kwa mkono wako, kwa sababu aliyetuma anaweza pia kuomba irudishwe ukapoteza mara mbili. Mwambie atume ujumbe wa muamala wake kwa 456 aombe irudishwe. Wewe usiitumie tu. Kukaa na pesa isiyo yako ni dhambi, na sheria ya Kenya pia inalifanya kosa.

Simu ya "huduma kwa wateja". Sauti nzuri, anakuita kwa majina yako yote matatu, anasema laini yako inafungwa leo. Anataka namba ya kitambulisho, kisha mwaka wa kuzaliwa, kisha PIN, au anakuambia ubonyeze namba fulani. Safaricom wametangaza kwamba wao hupigia wateja kwa 0722 000 000. Ukipigiwa kwa namba nyingine yoyote kwa jina lao, kata. Na hakuna mfanyakazi wa kampuni au benki yoyote anayehitaji PIN yako. Delila alimuuliza Samsoni siri yake tena na tena mpaka akachoka (Waamuzi 16). Mwizi naye hukuchosha. Dawa ni kukata simu, si kubishana.

Laini kuhamishwa. Mwizi akishapata habari zako za kutosha, anasajili namba yako kwenye kadi nyingine. Dalili ni moja: simu yako inapoteza mtandao ghafla, mahali ambapo wenzako wana mtandao. Usingoje hadi kesho. Azima simu, pigia kampuni yako na benki yako wakati huo huo, kwa sababu namba yako ndiyo mlango wa M-Pesa na akaunti zako zote.

Kazi za ng'ambo na uwekezaji. Kijana anaambiwa kuna kazi Qatar au Kanada, alipe kwanza "ada ya usajili" kwa namba ya mtu binafsi. Mawakala wa kazi za ng'ambo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri. Uliza huko kabla hujauza mbuzi. Na yule anayeahidi kuzidisha pesa yako mara mbili kwa wiki moja, nawaambia kama mtu aliyesoma biashara: hakuna biashara halali inayotoa faida hiyo kwa hakika. Anayelipwa leo analipwa kwa pesa ya aliyeingia jana. Wakiisha wa kuingia, wa mwisho ndio wanaolia.

"Mbegu" ya mtandaoni. Hili linauma, lakini niliseme. Kuna kurasa zinazotumia picha na hata video za watumishi wanaojulikana, zikiwaita watu wapande mbegu kwa namba fulani ili wapokee muujiza. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga uso na sauti ya mtu. Isaka alisikia sauti ya Yakobo, akagusa mikono iliyovalishwa manyoya, akabariki asiyekusudia. Kuona video si uthibitisho tena.

3. KUULIZA SI KUKOSA IMANI

Jumapili ile, nilipomweleza mama kwamba hakuwa mimi, alinyamaza kidogo. Nikamuuliza kama hakushuku chochote. Akasema, "Nilishuku, Pastor. Jina lililotokea nikituma halikuwa lako. Nikaandika nikakuuliza, ukaniambia ni la karani wa hospitali. Lakini ningekupigia simu nihakikishe, si ungeona ni kama sikuamini?"

Ndugu zangu, hilo jibu lilinivunja kuliko ile hasara. Mama huyu hakuwa mjinga. Aliona ule ukungu kwa mkate. Kilichomzuia ni sisi. Tumefundisha watu kumheshimu mtumishi wa Mungu, na ni vizuri. Lakini pengine hatukuwafundisha kwamba mtumishi anaweza kuulizwa.

Matendo 17:11 inatusaidia. Watu wa Beroya walimsikia Paulo, mtume mwenyewe, na bado walichunguza Maandiko kila siku waone kama anayosema ni kweli. Paulo hakukasirika. Biblia inawasifu kuwa waungwana. Ikiwa mtume Paulo alichunguzwa kuhusu Injili, mimi ni nani nisichunguzwe kuhusu shilingi 6,000?

Imani tunaiweka kwa Mungu, ambaye hawezi kusema uongo. Simu haikuahidi hivyo. Yesu alipowatuma wanafunzi wake (Mathayo 10:16) aliwataka wawe na busara ya nyoka pamoja na upole wa hua. Sisi tumechukua hua tukaacha nyoka.

Kwa hivyo uongozi wa kanisa umeamua hivi, na mnishike kwa hili: hakuna mchungaji, mzee wala kiongozi wa idara atakayekuomba pesa kwa meseji ya kibinafsi. Sadaka na michango ni kwa namba ya paybill iliyo nyuma ya jarida hili pekee. Ukipata ombi kwa jina langu, nipigie kwa sauti. Nisiposhika, ngoja. Mgonjwa wa kweli ana familia, na kanisa lina idara ya huruma.

4. KAZI YA NYUMBANI WIKI HII

Vijana, kaeni na wazazi wenu mfanye haya pamoja. Msiwanyang'anye simu mkafanya haraka haraka, waonyesheni.

Kwanza, fungua WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN yako ya namba sita. Mimi sikuwa nimeiweka. Ukiwa nayo, mwizi akipata zile namba za ujumbe bado atakwama mlangoni. Angalia pia sehemu ya Vifaa vilivyounganishwa, na uondoe chochote usichokijua.

Pili, kwa laini ya Safaricom, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda dukani kwao. Piga pia *100*100# ili laini yako isihamishwe bila wewe kufika mwenyewe.

Tatu, PIN ya M-Pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa wala 1234, na isifanane na ile ya benki. Mkeo au mumeo kuijua ni mapatano yenu. Lakini wakala, mtu wa boda na "mtoto mzuri wa jirani" anayekusaidia kutuma hawafai kuijua.

Nne, ukituma pesa, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha. Likiwa si la unayemjua, acha. Usikubali maelezo kutoka kwa simu ile ile inayoomba pesa. Piga namba unayoijua tangu zamani.

Tano, familia ichague neno moja la siri. Mtu akipiga kwamba yeye ni mwanao ameshikwa na polisi, muulize lile neno.

5. UKISHAIBIWA, USINYAMAZE

Hapa naongea kama mwenye kidonda. Baada ya mama kuniuliza pale mlangoni, nilienda kwa mchungaji mkuu nikamwambia yote. Hakunikemea. Alichukua simu, na kabla ya saa kumi jioni kila kiongozi wa ushirika alikuwa ametangaza. Mzee alikuwa ametuma yake saa sita mchana. Ingefanyika usiku ule, wawili wangeokoka.

Ukiibiwa, fanya hivi bila kuchelewa. Ikiwa ni M-Pesa, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 na upigie kampuni. Pesa ambayo haijatolewa ina nafasi ya kuzuiwa. Meseji za matapeli zitume kwa 333, ni bure. Ikiwa ni WhatsApp, jiandikishe upya kwa namba yako. Ukiingiza zile namba sita, mwizi anatolewa. Akiwa ameweka PIN yake, wewe unaweza kungoja siku 7, lakini yeye hayumo tena. Waambie watu wako wote kwa njia nyingine. Piga picha za skrini, usifute kitu, kisha uandikishe ripoti kituo cha polisi. DCI wana namba ya bure, 0800 722 203. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 iliweka faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayetumia utambulisho wa mwingine kwa udanganyifu. Si jambo dogo la kuachia "Mungu atalipa" pekee.

Na wewe unayesikia mwenzako ameibiwa, usianze na "lakini wewe pia!" Hiyo sentensi ndiyo inafunga watu midomo.

6. NENO KWA KIJANA

Wezi hawa huhitaji laini za watu wengine. Kuna kijana ataambiwa apokee pesa kwa namba yake, atoe kwa wakala, abaki na 500. Ataambiwa ni kazi tu. Kijana wangu, hiyo 500 imetoka kwa karo ya mtoto wa mtu. Gehazi alificha vile vitu nyumbani akarudi kusimama mbele ya bwana wake kana kwamba hakuna kitu, lakini moyo wa Elisha ulikuwa umekwenda pamoja naye njiani. Kama umeshaingia huko, Zakayo alipata njia ya kutoka: alisimama akasema wazi atarudisha. Mlango wa ofisi yangu uko wazi, na mimi si wa kukurushia mawe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika zile dalili tano, ni ipi inayokushinda wewe zaidi, na kwa nini?
2. Ni nani katika maisha yako unaogopa kumuuliza swali? Utafanya nini wiki hii?
3. Je, kuna mtu katika ushirika huu aliyeibiwa akanyamaza? (Kiongozi, usilazimishe mtu. Anza na ushuhuda wako.)
4. Nani katika ushirika wetu hana mtu wa kumsaidia na simu? Pangeni atakayemtembelea.

Mama nilimrudishia zile 6,000 kwa awamu mbili, na mzee 5,000 zake. Yule kijana wa ashia alikataa kabisa kurudishiwa. Mama hakuonekana kanisani Jumapili mbili. Tulimtembelea nyumbani na mke wangu, tukanywa chai, akarudi. Siku hizi nikimpigia simu hasemi "Bwana asifiwe" kwanza. Anauliza, "Pastor, ni wewe kweli? Jumapili umehubiri nini?" Najibu kwanza, ndipo tunaendelea.

TUOMBE: Baba, wewe unaona mpaka sirini. Tupe busara ya kusimama kabla ya kutuma, ujasiri wa kuuliza, na unyenyekevu wa kusema tumekosea. Warudishie walioibiwa. Wageuze wanaoiba. Nasi viongozi, utulinde tusiwe sababu ya wadogo wako kujikwaa. Katika jina la Yesu. Amina.